Kwikwi ya Bahari ya Kuigiza

Kazini walimwita Bi Mawimbi, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa mwilini. Kazi yake ilikuwa kutunga bahari.

Kampuni yao ilitengeneza programu za vyombo vya majini, zile skrini anazotazama nahodha ili ajue chini ya meli kuna kina gani, upepo unatoka upande gani na maji yana joto kiasi gani. Programu za namna hiyo lazima zijaribiwe kabla ya kufungwa melini. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia, na maji ya karibu kabisa yalikuwa ya ndoo ya mfagizi. Wasingeweza kukodi meli kila mtu anapobadilisha mstari mmoja wa programu. Kwa hiyo Bi Mawimbi aliwatungia bahari ya kuigiza: programu iliyotema namba moja baada ya nyingine, sawa na zile ambazo vifaa vya kupimia vingezileta kutoka chini ya meli ya kweli.

Alikuwa hodari wa uongo huo. Alijua bahari haitulii hata siku ya utulivu, kwa hiyo namba zake nazo zilicheza kidogo, zikapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Safari ilikuwa ileile, ikiisha inaanza upya. Upepo ulianzia kushoto ukahamia kulia polepole. Maji yakapata joto, kana kwamba meli imekatiza mkondo. Kisha ikaja kwikwi. Hiyo aliitia makusudi: kina kilichokuwa mita ishirini na kitu kinaporomoka ghafla hadi tisa, kinakaa hapo muda wa mtu kupiga chafya, halafu kinarudi kilipokuwa. Alitaka kuhakikisha kengele ya hatari haipigi kelele kwa kila samaki mkubwa anayepita chini. Ofisini, kila kwikwi ilipotokea, mmoja wao alisema, "Mpeni maji," na wengine wakacheka, ingawa utani wenyewe ulikuwa umeshachakaa.

Mama mkwe wake hakuwahi kuikubali kazi hiyo. Alikuwa mkunga mstaafu, mtu aliyeshika vitu vyenye uzito na sauti maisha yake yote. Alimwambia mkaza mwana wake, si kwa ubaya, kwamba yeye alipokea watoto wa watu na watoto wakalia, lakini mtu kulipwa kwa kutunga maji yasiyolowesha ni jambo ambalo ataliuliza akifika mbinguni. Bi Mawimbi alikuwa akicheka na kumwongezea chai. Walipendana kwa namna yao, kwa kutupiana maneno.

Mtoto wa jicho ndiye aliyewapandisha feri pamoja. Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na ukungu, la kulia zaidi, na hospitali ya macho ilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari. Mume wa Bi Mawimbi alikuwa zamu kwenye mitambo ya umeme, hakupata ruhusa. Basi wakaondoka wao wawili, asubuhi, na begi moja la nguo na chupa ya chai. Mama hakuwa ameyapanda maji tangu ujana wake. Alishika mkono wa mkaza mwana mpaka vidole vikafa ganzi.

Ukumbi wa abiria ulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa safu, harufu ya dizeli na ya sakafu iliyopigwa deki. Juu ya dirisha la muuza vinywaji ilining'inia skrini iliyowaonyesha abiria safari yao. Bi Mawimbi aliitupia jicho mara moja tu akaijua. Rangi zile, maandishi yale, hata kile kimshale cha upepo ambacho walibishana juu ya unene wake kutwa nzima: ilikuwa programu yao. Hakuwahi kuiona ikifanya kazi nje ya ofisi. Alijisikia kama mzazi anayemwona mtoto wake jukwaani. Alimwinamia mama akamwambia kwamba kile chombo pale ukutani kimetoka mezani kwake.

"Basi nisomee," mama akasema. "Sikioni. Niambie chini yetu kuna nini, nijue ninaogopa kiasi gani."

Mvua ilianza punde tu walipotoka bandarini. Ilikuja nzito, madirisha yakawa meupe kama yamepakwa chokaa, na bahari ikatoweka. Abiria walivuta mabegi yao karibu. Bi Mawimbi alimsomea mama namba taratibu, kama anayemsimulia mtoto hadithi ya kumlaza. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na nne. Mama aliitikia kwa kichwa kila namba, akapungua kutetemeka. Mwanamke wa kiti cha mbele naye akawa anasikiliza.

Kisha Bi Mawimbi akasema ishirini na saba, na skrini ikaandika ishirini na saba.

Alijaribu kukumbuka kama aliiona kwanza au aliisema kwanza. Alijiambia kwamba ni uchovu, kwamba mtu aliyezitazama namba za bahari miaka yote huwa anabahatisha. Akamwambia mama kuwa upepo sasa unahamia kulia.

"Umesema kulia?" mama akauliza. "Mbona mvua inapiga dirisha la kushoto? Naisikia hapa sikioni."

Kweli, mvua ilikuwa ikilichapa dirisha la kushoto, upande waliokaa wao, na madirisha ya kulia yalikuwa yakitiririka tu. Meli haikuwa imegeuka. Kimshale kwenye skrini kilizidi kuhama, kwa upole uleule aliokipa yeye, mpaka kikalala kulia kabisa. Joto la maji likaanza kupanda, nukta baada ya nukta. Bi Mawimbi aliyakodolea macho yale maandishi. Moyoni alikuwa akiomba jambo moja tu, kwikwi isije.

Ikaja. Ishirini na sita, ishirini na sita, tisa. Kitambo cha chafya. Ishirini na sita.

Baadaye alisema kwamba hakusikia hofu wakati ule, alisikia kitu kama mtu kumwita kwa jina lake ndani ya nyumba anayojua haina mtu. Bahari yake mwenyewe, ile ya juu ya duka la mapazia, ilikuwa ukutani mwa meli iliyojaa watu, na nje hakuonekana kitu.

Alimwambia mama asiondoke kitini, akamwomba mwanamke wa mbele amwangalie, akaenda. Kwenye ngazi ya kupandia kwa nahodha palikuwa na baharia aliyevaa koti la mvua. Alimweleza kwamba abiria hawaruhusiwi. Bi Mawimbi alisema yeye ndiye aliyetengeneza skrini na kwamba skrini inasema uongo. Baharia alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mlevi wa asubuhi, lakini kulikuwa na kitu usoni mwa mwanamke yule kilichomfanya asogee. Alipanda naye.

Nahodha alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Hakumfokea. Alimwambia bila kugeuka kwamba ana kazi, kwamba yuko katikati ya mlango wa bahari, na mlango ule michanga yake huhama kila msimu. Ramani ya setilaiti humwonyesha alipo yeye, lakini haimwonyeshi mchanga ulipo leo. Boya la kuonyesha njia halionekani kwa mvua. Anachofuata ni kina. Kikiwa ishirini na kitu, yumo njiani; kikipungua, amepotea. Alikinyooshea kidole kwenye skrini yake, kubwa kuliko ile ya ukumbini, na kilikuwa ishirini na tano. Akasema kifaa kilifanyiwa ukarabati majuzi tu, na tangu hapo hakijamsumbua hata siku moja.

Bi Mawimbi alielewa kwamba akianza kueleza programu, meli itafika popote inapokwenda kabla hajamaliza. Na namba zake, kwa bahati mbaya, zilifanana mno na za mlango huu. Alizichagua hivyo zamani kwa sababu zilikuwa za kawaida.

"Nahodha, baba yangu, nitakuambia bahari itafanya nini," alisema. "Safari imeanza upya. Upepo uko kushoto. Sasa hivi utasema unatoka mbele. Kina kitakwenda ishirini na tatu, kisha ishirini na tano, kisha ishirini na saba. Halafu kimshale kitalala kulia. Tazama, nami nitageukia mlangoni nisione."

Akageuka. Akazitaja kwa sauti, huku amelitazama koti la mvua lililotundikwa kwenye msumari, jinsi linavyodondosha maji. Ishirini na tatu. Ishirini na tano. Ishirini na saba. Sasa upepo unahama. Sasa uko kulia. Aliposema maji yataanza kupata joto alisikia pumzi ya baharia ikikatika.

Nahodha alitazama skrini, akatazama nje, ambako kibendera cha mbele kilikuwa kimelowa na kulala upande uleule uliokuwa tangu mwanzo. Uso wake ulipoteza rangi, ukawa kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba kabla hajaketi. Mkono wake ulifika kwenye wenzo wa injini kabla kinywa chake hakijatoa amri. Injini zikanyamaza, na ndani ya ukimya ule mvua ikasikika kubwa zaidi. Akamwamuru baharia aende mbele na kamba ya kupimia, ile yenye uzito wa chuma, ambayo ilikaa ndani ya sanduku kwa sababu kanuni zinataka iwepo.

Skrini ikaonyesha tisa, ikarudi ishirini na sita. Nahodha aliitazama kwikwi hiyo ikipita.

"Na hiyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni mimi," Bi Mawimbi akajibu.

Sauti ya baharia ilikuja kutoka mbele, imepasuka. Alikuwa anasema kamba imefika chini, na kwamba mkono wake bado una kamba karibu yote. Nahodha alirudisha injini kinyumenyume kwa nguvu zote. Meli ilitetemeka kama mnyama aliyevutwa mkia. Kisha chini yao, chini ya dizeli na viti na watu wote wale, kukapita sauti ndefu ya kukwaruza, kama jiko zito linaloburutwa kwenye sakafu. Ukumbini watu walisimama, kisha wakaanguka vitini. Ile sauti iliendelea mpaka Bi Mawimbi akadhani haitaisha. Ikaisha. Meli ilikuwa inaelea, inarudi nyuma polepole kwenye maji iliyoyatoka.

Mvua ilipopungua waliona wote. Mbele yao, karibu kiasi cha mtu kurusha jiwe, mgongo wa mchanga ulikuwa umejitokeza, wa rangi ya kahawia, na mawimbi yalikuwa yanaupanda na kuvunjika. Kule mbele zaidi lilikuwa boya, limeinama, upande ambao hawakuutazamia kabisa. Kama wangeufikia mchanga ule kwa mwendo waliokuwa nao, na mawimbi yale ya ubavuni, nahodha hakumalizia maneno. Alikaa kwenye kiti chake kirefu akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Baharia aliteremka kwenye chumba cha mitambo, akarudi na mwisho wa waya. Waya wa kifaa cha kupimia kina ulikuwa umechomoka kwenye kisanduku chake, labda tangu siku ya ukarabati. Upepo na joto vilipita kwenye kisanduku hichohicho. Hakukuwa na namba yoyote ya kweli iliyofika kwenye skrini ile, na hakuna aliyejua, kwa kuwa skrini haikuwahi kuwa tupu.

Hapo ndipo mshtuko wa pili ulipomjia Bi Mawimbi, na huo ulimpata akiwa amesimama imara. Feri hii haikuwa peke yake. Programu ileile ilikuwa imefungwa kwenye vyombo vingine.

Alimpigia simu meneja wake. Meneja ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemwajiri alipokuwa hana hata kompyuta. Alimweleza kwa sentensi chache.

"Ni mimi," meneja akasema. "Yale maonyesho ya biashara. Vifaa vilikuwa vinakatika kila mara, wateja wanaona skrini tupu, aibu. Nikaiambia programu, ukikosa vipimo, cheza safari ya Bi Mawimbi. Nilikuwa niiondoe kesho yake."

Hakuiondoa. Aliisahau, ikapita kila jaribio, kwa sababu majaribio yote waliyafanya kwa safari ya Bi Mawimbi, na hakuna jicho lililoweza kutofautisha safari ya kujaribia na ile ya kufidia vipimo vilivyokosekana. Alisikia meneja akilia, mtu mzima, mwenye wajukuu. Alikuwa akijiandaa kumwambia kwamba hawezi kungoja kikao wala mwanasheria, na alikuwa ameshajipanga kwa ugomvi. Lakini meneja akamtangulia.

"Una redio hapo? Usinisubiri. Tangaza kwa vyombo vyote, taja jina la kampuni, na jina langu litaje. Mimi huku naanza kupiga simu."

Nahodha alimpa redio. Sauti yake ilitoka nyembamba, hakuitambua. Alieleza kwamba mwenye skrini ya aina ile asiamini kina, upepo wala joto, apunguze mwendo na apime kwa kamba. Wakajibu mmoja mmoja. Wengine walisema wameangalia na vipimo vyao vinakwenda na bahari. Kisha ikaja sauti nzito ya nahodha wa tishari linalovuta meli bandarini, akiomba arudie ile sehemu ya kina kinachoshuka hadi tisa.

Akarudia.

"Sisi huyo tunamwona kila siku," yule akasema. "Tulidhani ni samaki mkubwa anatufuata. Vijana wamempa jina."

Hakuna aliyecheka. Nahodha wa feri alifunika macho yake kwa kiganja. Tishari lile lilikuwa limezunguka bandarini likiwa na waya uliokatika, likivuta meli za mafuta, na watu wake wakimsalimia samaki ambaye Bi Mawimbi alimtunga akiwa amekunja miguu kitini na kikombe cha chai mkononi.

Aliporudi ukumbini, watu walikuwa wameshaanza kuelezana kilichotokea, kila mmoja na chake. Wengine walisema ni mwamba, wengine ni injini. Mama mkwe alikuwa palepale alipomwacha, amekumbatia begi. Bi Mawimbi alikaa. Alimwambia mama kila kitu. Hakuficha kwamba namba alizomsomea, zile zilizompunguzia hofu, zilikuwa zake mwenyewe.

Bi Mawimbi alingojea mzaha, alingojea yale maneno ya maji yasiyolowesha, na angeyapokea kwa furaha.

"Nami nilizisikia nikaamini," mama alisema. "Nahodha mzima naye ameamini. Mwanangu, maji yako uliyatunga vizuri mno."

Alilisema kama mkunga anavyosema neno ambalo mzazi lazima alisikie. Bi Mawimbi alipokea sifa hiyo na ikamchoma kuliko tusi lolote alilowahi kupewa. Akajiegemeza begani kwa mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na mama akamwachia bega.

Hakuna aliyekufa. Hilo lilisemwa mara nyingi katika majuma yaliyofuata, kwenye mahojiano ya mamlaka ya bandari na kwenye vikao vya kampuni, na kila liliposemwa Bi Mawimbi alisikia tena ule mkwaruzo chini ya miguu. Meneja aliandika barua ya kuacha kazi, akatoa ushahidi wake bila kupunguza neno. Wateja kadhaa waliondoka. Waliobaki walimtaka Bi Mawimbi asimamie marekebisho, naye alikubali kwa sharti kwamba kifaa kikikosa kipimo, skrini iseme wazi kwa maandishi mekundu kwamba haijui. Na bahari yake ya kuigiza aliivunja akaitunga upya. Sasa meli yake ya majaribio husafiri juu ya milima, kwenye maji yanayochemka, na upepo unaovuma kutoka chini kwenda juu. Programu hujaribika vilevile, na hakuna baharia duniani atakayeiona akadhani yuko nyumbani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile feri iliwafikisha ng'ambo wakiwa wamechelewa, hospitali ikawapokea, na kesho yake mama akafanyiwa upasuaji. Daktari alipomfungua bandeji, Bi Mawimbi alikuwa amesimama kando ya kitanda. Daktari aliinua mkono akamuuliza mama anaona vidole vingapi.

"Vitatu," mama akasema.

Daktari alitabasamu akaandika. Mama naye akatabasamu, akageuka ampe mkaza mwana wake habari njema, akamkuta amemsogelea daktari, ameinama, anavihesabu vile vidole kimoja kimoja.